Mwanao, rilei na stima ya nyumba

Mzazi, ukipita mbele ya chumba cha mwanao wa sekondari au wa chuo na usikie mlio mdogo wa "tak", kisha kimya, kisha "tak" nyingine, usidhani ni panya. Yamkini amenunua kile kibodi chenye vijisanduku vinne au vinane vya rangi ya samawati vilivyopangwa foleni, naye sasa anaviamrisha kwa programu aliyoiandika mwenyewe.

Vijisanduku hivyo huitwa rilei. Katika maduka ya vipuri vya elektroniki ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi vimejaa tele, na bei yake haimshindi mwanafunzi aliyejinyima chipsi kwa majuma machache.

Hadi hapo kijana alikuwa akicheza na betri na vijitaa ambavyo haviwezi kumdhuru mtu. Rilei ndiyo inayomvusha. Kwa kibodi hicho anaweza, kwa mara ya kwanza, kuitawala stima ya nyumba, ile ya volti 240 inayoendesha pasi, jokofu na pampu ya maji. Mazungumzo ya jikoni huwa hivi:

"Mama, usiogope, ni kitu cha volti tano tu."

"Na huu waya mwingine, baba, unaenda wapi?"

"Huo? Huo unaenda kwenye pampu."

Simshauri mama huyu akataze. Kijana anayejua kuifanya pampu ijizime tangi likijaa ana manufaa kwa ploti nzima, na wengi wetu tumewahi kuamshwa usiku na maji yanayomwagika kutoka paani huku msimamizi wa ploti akikoroma. Ninachosema ni kwamba vijana karibu wote huuliza swali moja, "Nitaiwashaje?", na kulijibu ni rahisi. Swali lenye uzito ni hili: ubongo wa chombo hicho ukizimika, ukiganda au ukianza kazi upya, rilei itabaki katika hali gani?

KIJITI HAKIPOKEZWI

Neno lenyewe tumelizoea michezoni. Kwa Kiingereza, mbio za kupokezana vijiti huitwa kwa jina hilo hilo la rilei. Wanaokumbuka Munich mwaka wa 1972 hawajasahau jinsi Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walivyokileta kijiti nyumbani na dhahabu ya mita 400 kwa wanne.

Katika rilei ya stima, hata hivyo, kijiti hakipokezwi. Amri hupita, lakini stima ya upande mmoja haiingii upande wa pili asilani. Ndani ya kijisanduku mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, yaani koili. Stima ndogo ikipita humo koili hugeuka sumaku, ikavuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo ukagusanisha ncha mbili za metali. Huo ndio mlio wa "tak". Stima ndogo ikikatwa, springi huurudisha mkono mahali pake. Stima kubwa inapita kwenye zile ncha tu, wala haikutani na koili.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1830 mwanafizikia Mmarekani Joseph Henry, aliyekuwa akifundisha katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa na mchezo wa kuwashangaza wanafunzi wake. Aliuning'iniza mzigo mzito kwenye sumaku kubwa ya umeme. Halafu, kwa mkondo hafifu uliosafiri kwa waya mrefu, akaiamrisha sumaku ndogo iikatie stima ile kubwa. Mzigo ukaanguka kwa kishindo. Telegrafu nayo ilitumia ujanja huo huo kusukuma habari kwa masafa marefu, kituo hadi kituo.

Ubongo unaoiamrisha rilei ya mwanao ni mpya zaidi. Huitwa maikrokontrola, yaani kompyuta nzima ndani ya kidude kimoja. Ile inayopendwa na wanaoanza ni Arduino Uno, yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 pekee. Simu ya mkononi huicheka. Lakini kwa kazi ya kuangalia boya na kuwasha pampu, hizo kilobaiti 2 zinatosha na kubaki.

Arduino ilizaliwa mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye shule ya usanifu, ikifuata njia iliyofunguliwa mwaka wa 2003 na mradi wa Wiring wa Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia. Jina lilitoka kwenye baa ambamo waanzilishi walikuwa wakikutana, nayo baa ilipewa jina la Arduin, aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka wa 1002. Ilibuniwa kwa ajili ya wasanii na wanafunzi wasiosomea uhandisi, na ndiyo maana mtoto wa kidato cha pili anaimudu kwa siku moja. Wepesi huo ni baraka kwenye volti 5. Kwenye volti 240, haumfundishi mtu chochote kuhusu hatari.

HESABU KIDOGO

Pini moja ya Arduino Uno inashauriwa isitoe zaidi ya miliampea 20, na kikomo kabisa ni 40. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 5 huvuta takriban miliampea 70. Kwa hivyo kijana atakayenunua rilei tupu na kuifunga moja kwa moja kwenye pini ataiua pini hiyo, kama si ubongo wote.

Bodi iliyokwisha kutengenezwa humwepusha na hilo. Kando ya kila kijisanduku mna transista, ambayo hubeba mzigo kwa niaba ya pini. Mna daiodi pia, kwa maana koili ikikatiwa stima hurusha teke la volti nyingi kurudi ilikotoka, na daiodi ndiyo hulipokea teke hilo. Aghalabu mna pia kidude cheusi kiitwacho optokapla. Ndani yake mna kitaa kidogo na jicho la kukiangalia, na amri huvuka kwa mwanga badala ya waya.

Sasa zidisha. Rilei nane zikiwaka pamoja huvuta takriban miliampea 560. Tundu la kawaida la USB la kompyuta hutoa 500. Hapa ndipo vijana wengi hukesha: rilei tatu zinafanya kazi barabara, ya sita au ya saba ikiwaka, Arduino inaanza upya yenyewe. Kijana husoma programu yake mstari kwa mstari hadi alfajiri akitafuta kosa, ilhali kosa liko kwenye stima. Dawa ni kuzipa koili chanzo chao cha volti 5 chenye uwezo wa ampea moja au zaidi. Bodi nyingi zina kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha pini zilizoandikwa VCC na JD-VCC. Kipande hicho huchomolewa, na chanzo kipya kikafungwa kwenye JD-VCC.

Akitaka rilei nyingi zaidi atakutana na tatizo lingine. Uno ina pini 14 za kazi hii, mbili kati yake huongea na kompyuta, na hata ukiongeza zile sita za kupimia haufiki mbali. Hapo hutumika vidude vya kuongezea pini. Kimoja, PCF8574, huhitaji nyaya mbili tu kutoka kwa Arduino na kutoa pini nane, na vinane vya aina hiyo vyaweza kukaa kwenye nyaya hizo hizo mbili kila kimoja kwa anwani yake. Hizo ni rilei 64. Kingine, 74HC595, hutumia nyaya tatu na kinaweza kuunganishwa kwa mnyororo. Kwa kazi ya rilei mimi ningechagua cha kwanza, na sababu yangu ni ile ile ya swali la mwanzo: PCF8574 ikipata stima huamka na pini zake zote zikiwa juu, ilhali 74HC595 huamka na lolote ililookota usingizini.

STIMA IKIPOTEA NA KURUDI

Kwa nini "juu" iwe habari njema? Kwa sababu bodi nyingi za rilei hufanya kinyume cha tunavyodhani. Ukiipa pini yake volti 5, rilei hulala. Ukiipa sufuri, huamka. Hakuna fumbo hapo, ni jinsi transista na optokapla zilivyofungwa tu.

Basi chukua usiku ambao stima imepotea mtaani na kurudi saa nane. Hili si jambo la kukisia kwetu. Arduino inaamka na kuisoma programu kutoka mstari wa kwanza. Haikumbuki kwamba pampu ilikuwa ikienda, wala kwamba tangi lilikuwa karibu kujaa. Programu inaiambia pini iwe ya kutoa amri, na papo hapo pini, isipoambiwa vingine, inakaa kwenye sufuri. Kwa bodi zetu za kinyume, sufuri ni "washa". Ikiwa mstari unaofuata unairudisha juu mara moja, muda huo ni mfupi mno hata rilei haitikisiki. Lakini ikiwa katikati kijana ameweka kazi nyingine, mathalan kusubiri mtandao upatikane, rilei zote zinawaka na kubaki zimewaka mpaka mtandao ukubali. Kila mteja wa intaneti anajua hiyo yaweza kuwa saa ngapi.

Dawa yake ni ya mistari miwili na haigharimu hata senti. Pini iambiwe kwanza kwamba thamani yake ni HIGH, ndipo iambiwe kwamba ni ya kutoa amri. Mpangilio huo, si kinyume chake. Mzazi asiyejua programu anaweza kuuliza swali hili moja na kumwona mwanawe akikuna kichwa.

Kuganda nako kupo. Ndani ya ile chipu mna askari wa zamu ambaye wengi hawamtumii: saa inayohesabu na kuuanzisha ubongo upya usipoipigia ripoti kwa wakati, hadi muda wa sekunde 8. Ni kazi ya mistari michache kumweka. Isitoshe, programu ya pampu iwe na kikomo cha muda. Kama tangi hujaa kwa dakika 40, pampu ikifika dakika 50 izimwe hata kama boya bado linasema halijajaa. Huenda boya limekwama. Huenda kisima kimekauka na pampu inazunguka bila maji, jambo linaloiharibu upesi.

NO SI "HAPANA"

Upande wa pili wa kila rilei una skrubu tatu zilizoandikwa COM, NO na NC. Wapo wanaodhani NO ni "hapana" ya Kiingereza, kwamba usifunge waya hapo. Sivyo. COM ni ya kati. NO ni njia ambayo huwa imekatika rilei ikiwa imelala. NC ni ile ambayo huwa imeungana rilei ikiwa imelala.

Uchaguzi kati ya hizo mbili hauna uhusiano na programu. Ni uamuzi wa nyumba. Pampu hufungwa kwenye NO, ili ubongo ukifa pampu nayo isimame. Jokofu, kama kweli mtu anataka kuliwekea rilei, lafaa NC: ubongo ukifa, nyama iendelee kubaridika. Taa ya kupasha vifaranga joto ndiyo kesi ngumu. Ukiifunga NO, ubongo ukifa usiku vifaranga watakufa kwa baridi. Ukiifunga NC, itawaka bila mtu wa kuizima, nayo inaning'inia juu ya maranda makavu. Mimi ningechagua NO na kupoteza vifaranga, lakini hilo familia ilizungumze mezani kabla kijana hajashika bisibisi.

Sasa yale maandishi mengine kwenye kijisanduku: 10A 250VAC. Kijana huyasoma na kutulia, kwamba ampea 10 ni nyingi. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampea 8, kwa hivyo liko ndani ya kikomo japo bila nafasi ya kupumua. Shawa ya stima ya wati 5,000 huvuta ampea 21. Hiyo isikaribie kibodi hiki kabisa.

Pampu ni ya hila zaidi. Ikiwa katika mwendo inaweza kuvuta ampea 5, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Cheche hiyo huziyeyusha zile ncha za metali kidogo kidogo, hadi siku moja zinashikana kama zilizochomelewa. Programu inasema "zima". Kitaa cha bodi kinazima. Pampu inaendelea. Ubongo hauna habari, kwa kuwa rilei hupokea amri na haileti majibu. Ndiyo maana pampu inayotegemewa hufungwa kwa kontakta, ambayo ni rilei ya mwili mkubwa iliyotengenezwa kwa mota, na kijisanduku cha samawati kikabaki na kazi ya kuiamrisha kontakta hiyo tu.

Lipo jambo ambalo halionekani kwa juu. Igeuze bodi. Chini yake mna vinundu vya risasi vilivyo wazi, na vile vilivyo chini ya skrubu huwa na volti 240 nzima pindi stima ikiwashwa. Bodi ikilazwa juu ya meza yenye maji, au mkono ukiinyanyua kuangalia waya uliolegea, ule ukuta mzuri wa mwanga na sumaku hausaidii kitu. Lazima iwe ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha skrubu. Kadhalika rilei ikate waya wa laivu, si wa nyutro, la sivyo taa itazimika huku kishikio chake kikiwa bado na stima. Katika nyumba mpya laivu ni ya kahawia na nyutro ya buluu. Katika nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, na katika nyumba zilizorekebishwa na mafundi watatu tofauti, rangi si ushahidi. Fundi hupima.

Kwa hivyo mpango ambao ningeukubali nyumbani kwangu ni huu. Kijana afanye mradi wote kwa volti 12: balbu ndogo za LED, kipampu cha volti 12, ndoo mbili za maji na boya. Chanzo kiwe na fyuzi, kwa maana hata betri ya volti 12 inaweza kuuwasha waya moto. Programu ya ndoo na programu ya tangi la ploti ni ile ile, isipokuwa kikomo cha muda. Ikitimiza mwezi mzima bila kosa, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA aitwe kufunga kontakta na upande wa volti 240, kijana akiwa kando anatazama na kuuliza maswali.

Katika mwezi huo wa ndoo, mzazi naye ana kazi. Pampu ikiwa inaenda, chomoa plagi ya Arduino ghafla. Irudishe. Chomoa intaneti, kisha uchomoe Arduino tena na kuirudisha. Lishike boya chini kwa kidole uone kama kikomo cha muda kinafanya kazi. Izime stima ya nyumba yote na kuiwasha mara tatu haraka haraka, jinsi inavyofanya yenyewe wakati wa mvua. Kila mara sikiliza ile "tak" na utazame kipampu.

Matokeo yaandikwe kwa kalamu ya wino kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku: rilei ipi ni ya nini, imefungwa NO au NC, na stima ikirudi inafanya nini. Kijana atakwenda chuo kikuu na kompyuta yake, programu ikiwa humo humo. Fundi atakayekuja kutengeneza pampu miaka mitano baadaye atakuwa na ile karatasi pekee.